Kuja, njoo, kuya: wikendi ya Sabasaba Nairobi

Soko la Kenyatta siku ya Jumamosi halikungoji uingie. Ukikaribia tu vibanda vya kusukia, akina dada wanakudaka kwa sauti: "Madam, kuja nikusuke!" "Siz, kuja huku, hakuna laini!" Mmoja anakuonyesha misuko kwenye simu, mwingine ameshakupima nywele kwa vidole kabla hujasema unataka nini. Ilikuwa tarehe 6 Julai 2019, saa mbili asubuhi, na baridi ya mwezi wa saba ilikuwa imenikaa magotini. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimelelewa usawa wa bahari. Nairobi iko juu mita 1,700 hivi, na Julai inaweza kupita wiki hujaliona jua vizuri.

Sifa ya Kenyatta ni kwamba husukwi na mtu mmoja. Nilikalishwa kwenye stuli wakanizunguka wanne, kila mmoja na robo yake ya kichwa. Rasta ambazo nyumbani zingenila siku nzima, pale zilikuwa zinakwisha kwa saa mbili na ushee. Upande wa pili wa soko mikaa ilishaanza kuwashwa, na harufu ya nyama ilikuwa inatufikia hapo tulipo, ikichanganyika na ya mafuta ya nywele.

Aliyenipeleka ni mwenzangu wa chumba. Majina ya watu nayaacha, na hata sisi wenyewe hatukuwa tukiyatumia sana. Katika jengo tulilopanga Ngara, wanafunzi tuliitana kwa tulikotoka. Yeye alikuwa Nyeri. Mimi nilikuwa Tanga. Ghorofa ya juu yetu aliishi Bukavu, kijana Mkongomani aliyekuwa anasoma uhandisi, na Busia, aliyekuwa darasa moja na mimi la takwimu na ambaye daftari lake ndilo lililonivusha muhula wa kwanza. Nilikuwa nimevuka Namanga Septemba ya mwaka uliotangulia, na miezi kumi baadaye hao watatu ndio walikuwa ndugu zangu wa mji ule.

Nimesimulia habari za masomo yangu Nairobi mara nyingi, lakini wikendi hii sijawahi kuiandika, kwa sababu inaanza na jambo nililomfanyia rafiki yangu.

Nyeri alikuwa stuli ya pili, kichwa chake kimeinamishwa, anatazama kitu kwenye simu. Akacheka, akaniita: "Tanga! Tanga, kuja uone hii kitu."

Nikamjibu kwa sauti ambayo kibanda kizima kilisikia: "Njoo. Siyo kuja. Njoo uone kitu hiki."

Wasusi walifurahi. Walikuwa wamenisikia nikizungumza tangu nifike, na sasa walipata sababu. "Haki, ongea tena!" "Huyu ni wa Tanzania, skia hiyo Kiswahili!" Mmoja akaniomba niseme chochote, hata nihesabu tu moja mpaka kumi. Nikazungumza. Kwa miezi kumi nilikuwa nimeshazoea kuombwa hivyo, kwenye matatu, kwenye foleni ya maktaba, kwa mama mboga wa chini ya jengo letu ambaye "shikamoo" yangu ilimfanya kila asubuhi aniongezee nyanya moja. Ilikuwa inanipendeza. Ugenini huna kitu, nguo zako hazitoshi kwa baridi, pesa yako ukiibadilisha inasinyaa, halafu watu wanakwambia unacho kitu wanachokitamani. Nilikishika kitu hicho kwa mikono miwili.

Nyeri hakusema neno. Alinionyesha kilichokuwa kwenye simu, ni picha ya mtoto wa dada yake, na kuanzia hapo akaongea nami Kiingereza. Tulipolipa alizungumza Kiingereza. Tulipovuka upande wa nyama alizungumza Kiingereza. Sikugundua palepale. Niligundua tulipokuwa tumeshaketi, mbele yetu ubao wa nyama na kachumbari na chumvi kwenye kona, na mchoma nyama anatukatia huku anatuuliza kama tuna noti ya elfu ya zamani, maana mwezi mmoja kabla noti mpya zilikuwa zimetoka na kila mtu alikuwa anataka zile kuukuu zimtoke mkononi kabla ya Oktoba. Nyeri alimjibu yule baba kwa Kiswahili chake cha kawaida, laini, cha haraka. Akanigeukia mimi, akabadilisha.

Bei tuliigawa. Nilimtumia nusu yangu kwa M-Pesa, nikaweka "na ya kutoa" kama walivyonifundisha wao, maana Nairobi ukimtumia mtu pesa bila ya kutolea umempa kazi. Akasema *thank you*. Siku nyingine angesema, "Tuko sawa, msichana."

Hadithi ya Mtanzania anayesema "naomba nyama" na kuulizwa kama anaomba au ananunua naiacha. Kila aliyepita Namanga anayo.

Ninayotaka kuisema ni nyingine. Tangu nifike nilikuwa nawasahihisha watu, na sikuliona kuwa ni kosa. Mtu akisema "niko na njaa" namwambia "nina njaa". Akisema "bibi yake" akimaanisha mke, namuuliza kama anazungumzia mama wa mama yake. Akisema "venye" namwambia "jinsi". Nilifanya hivyo kwa mapenzi. Niliamini kabisa kwamba nawapa zawadi. Na kila niliyempa zawadi hiyo alinishukuru, akacheka, kisha taratibu akahamia Kiingereza. Nilidhani Wanairobi wanapenda Kiingereza. Hivyo ndivyo tunavyoambiana kwetu. Kumbe wengine ni mimi niliyekuwa nawafukuza mlangoni.

Jioni ile Busia alitupitia twende kuangalia mpira. Ndio mwaka ule wa Kombe la Mataifa ya Afrika kule Misri, na ukitaka kuelewa hali ya jengo letu lazima ujue yaliyotangulia. Tanzania ilikuwa haijacheza fainali hizo tangu 1980. Kenya ilikuwa haijaenda tangu 2004. Zilipopangwa, zikapangwa kundi moja, na tarehe 27 Juni zikakutana Cairo. Msuva alitufungia mapema, Samatta akatuweka mbele tena dakika moja tu baada ya Olunga kusawazisha, nami nilipiga kelele peke yangu katika chumba cha Wakenya kumi na saba. Kipindi cha pili Kenya wakarudisha, Olunga akamaliza, tatu kwa mbili. Nilibebwa juujuu kama maiti, wakinizungusha ukumbini wakiimba. Siku nne baadaye, usiku mmoja, wakati uleule, timu zetu zote mbili zikafungwa tatu bila, wao na Senegal, sisi na Algeria. Sisi tukatoka palepale, na kesho yake, makundi mengine yalipomaliza, wao nao wakatoka. Sidhani kama kuna kitu kilitusogeza karibu kama usiku ule wa kufungwa pamoja.

Kwa hiyo Jumamosi hii hatukuwa na timu, isipokuwa Bukavu, ambaye Kongo yake ilikuwa inacheza kesho yake na Madagascar. Tulikaa katika kihoteli cha Ngara chenye televisheni ya ukutani, tukaagiza chai ya maziwa na chapati na madondo, tukaiona Afrika Kusini ikimtoa mwenyeji. Lorch alifunga dakika ya 85 na watu waliokuwa hawana uhusiano wowote na Afrika Kusini wakakumbatiana. Tulirudi saa saba usiku tukitembea wanne tumeshikana kwa ajili ya baridi. Bukavu na Busia walikuwa wanabishana juu ya kipa wa Misri. Wakati huo ndipo nilipomsikia Bukavu, labda kwa mara ya kwanza nikimsikiliza kweli: kila alipomwelekea Busia alikuwa anazungumza Kiswahili, na kila nilipotia neno, alikuwa anajibu Kiingereza chake cha kutafuta. Na Kiingereza kilikuwa lugha yake ya nne au ya tano.

Nilipanda kitandani na nywele mpya zinavuta kichwa. Nyeri alikuwa ameshazima taa. Nilimwambia, "Nilikukosea leo pale sokoni." Akasema, kwa Kiingereza, kwamba hajui nazungumzia nini, tulale.

Saa moja asubuhi mama akapiga simu. Tanga ilikuwa Sabasaba, hakuna kazi, na alikuwa anataka kujua kama kifurushi kimefika. Kilikuwa kimefika Ijumaa kwa basi la Mombasa: nazi nane, kibao cha mbuzi cha kukunia kilichofungwa gazeti, na mchele ambao sikumwomba. Mama yangu hakubali kwamba Nairobi kuna mchele. Alipomsikia Nyeri akaomba aongee naye. Nikaweka sauti ya nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko? Baridi mnaivaaje?"

"Tuko tu poa mama. Baridi ni mob lakini tunavumilia. Tanga amekuja na manywele mrembo, nikutumie picha?"

Mama akacheka, akasema atume. Wakaongea dakika kumi. Nyeri alimweleza kuhusu chumba, kuhusu gesi, kuhusu mimi na tabia yangu ya kulala na soksi. Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda changu nikisubiri mama ashtuke, maana "manywele mrembo" ingemfanya mwalimu wangu wa shule ya msingi aangushe chaki. Mama hakushtuka. Alimjibu kilichosemwa. Huyu ni mwanamke ambaye Kiswahili kimemjaa mpaka cha mafumbo, anaweza kukutukana kwa kanga na usijue mpaka umefika nyumbani, na hakumgusa yule msichana hata neno moja. Mwisho akamwambia, "Haya, leo mle vizuri, Sabasaba hii," akakata.

Nyeri akabaki na simu mkononi. "Hata kwenu mna Sabasaba?"

Nikamweleza. Kwetu Sabasaba ni tarehe 7 Julai 1954, siku ambayo chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam na Nyerere akawa rais wake. Ni sikukuu. Ni maonyesho ya biashara Dar, barabara ya Kilwa, watu wanakwenda na watoto kutazama mabanda na kula. Utotoni kwangu ilikuwa na maana ya redio kuwa na sauti ya juu kuliko siku nyingine, na baba kuwa nyumbani. (Miaka miwili baada ya wikendi hii, Novemba 2021, UNESCO ikaitangaza tarehe hiyohiyo kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kwa kuwa TANU ndiyo iliyokishika Kiswahili kikawa chombo cha kudai uhuru. Niliposikia habari hiyo nilikumbuka chumba chetu cha Ngara kabla ya kukumbuka kitu kingine chochote.)

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza yake, ya baba yake, na akaianza kwa Kiswahili.

"Yetu si ya kula," alisema. "Budangu alikuwa anauza viatu Gikomba. Ni 1990, mimi hata sijazaliwa. Sasa Matiba na Rubia, wale wanasiasa, walikuwa wamesema kutakuwa na mkutano Kamukunji, wanataka vyama vingi, serikali ikakataa, wakashikwa kabla hiyo siku ifike. Lakini watu wakaenda tu. Buda hakuwa ameenda mkutano. Alienda kazi. Lakini Kamukunji na Gikomba si ni hapo na hapo? Akaskia mabomu ya machozi, akaona watu wanakuja mbio, polisi nyuma yao. Akaingia chini ya meza ya viatu na mzee mwingine hajui. Walikaa hapo mpaka giza. Anasema venye walikuwa wamelala hapo, huyo mzee alikuwa anamshika mkono, na hakuna mtu aliambia mwingine jina."

Akanyamaza kidogo. "Akienda nyumbani alipata viatu zote zimeenda. Sasa kila Sabasaba hatoki. Anakaa tu kwa nyumba. Anakunywa chai."

Nilikuwa nimefunga mdomo. Sikuhesabu kitu. Ile "viatu zote zimeenda" ilinipita ikaenda ilikokusudiwa, na niliiona ile meza, na mikono miwili ya watu wasiojuana chini yake. Kama ningemkatiza na "vyote vimekwenda", kisa kile nisingekipata. Angekimalizia kwa Kiingereza, kwa sentensi tatu safi, tungeenda kunywa chai. Mwaka uliofuata mkutano ule, Desemba 1991, kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kiliondolewa katiba. Hayo yamo vitabuni. Yule mzee chini ya meza hayumo, yuko katika Kiswahili cha Nyeri tu.

Nikamwambia tena kuhusu sokoni. Safari hii hakusema hajui.

"Unajua mimi Kiswahili nilikuwa nafeli?" alisema. "Darasa la nane, insha, mwalimu anarudisha kitabu yote ni nyekundu. Ngeli, ngeli, ngeli. Nikija Nairobi ndio nikaanza kuongea bila kuogopa, juu huku hakuna mtu anajali. Halafu ukakuja wewe."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anafunga kamba za viatu.

Tulikuwa na ahadi ya Kayole. Bukavu alikuwa na mama mdogo kule, na mpango wa Jumapili ulikuwa umepangwa wiki nzima: yeye alete sombe, yaani majani ya mhogo, mimi nilete nazi, tupike chungu kimoja tuone. Kayole ina Wakongomani wengi, wengine wamekimbia vita, wengine wamefuata biashara au makanisa, na ukitaka majani ya mhogo yaliyotwangwa tayari Nairobi, huko hukosi. Tulipanda matatu ya 1960 mjini. Gari lilikuwa limechorwa mbavuni mpaka dirishani, ndani taa za zambarau saa tano mchana, muziki unakutetemesha meno. Makanga akasema "mbao zaidi, Jumapili", yaani shilingi ishirini, Busia akakataa, wakaelewana. Jogoo Road yote nilikuwa natazama nje. Tulipopita nikauliza Kamukunji iko upande gani, Nyeri akaelekeza kidole nyuma yetu, kule tulikotoka.

Mama mdogo wa Bukavu alikuwa ametoka kanisani, bado amevaa kitenge cha kushona na kilemba cha kitambaa hichohicho. Alitufungulia mlango, akatutazama wanne tumebanana kizingitini, akasema kwa furaha iliyojaa mlango mzima:

"Kuya! Kuya, batoto, kuya kula kwanza!"

Kuya.

Nilisimama pale na viatu nimevua kimoja. Kwa sababu kichwani mwangu, bila kuitwa, sarufi yote niliyofundishwa ikajipanga upya. Kitenzi kifupi kikiamrisha, ile "ku" inabaki. Tunasema kula! Tunasema kunywa! Hatusemi la! wala nywa! Sasa kuja kingekuwa nini kama kingefuata wenzake? Kingekuwa kuja! Mwenye kufuata kanuni ni Nyeri. Mwenye kufuata kanuni ni huyu mama wa Bukavu, ambaye hajawahi kukanyaga Nyeri. "Njoo" yangu, niliyokuwa nimeibeba kutoka pwani kama cheti, ndiyo iliyo peke yake nje ya mstari. Ni neno zuri, nalipenda, nitalisema mpaka nife. Lakini nilimwaibisha rafiki yangu mbele ya watu kwa kosa ambalo hakulifanya.

Sikusema lolote pale mlangoni. Niliingia, nikala.

Na nilimsikia Bukavu. Kwa mama yake mdogo alikuwa mtu mwingine, mcheshi, mwenye maneno, anamtania, anaulizwa na kujibu papo hapo. "Aksanti." "Njo vile." "Batu ba huko banasemaka nini?" Kule Kongo, Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba, na mashariki yote, kuanzia Kisangani mpaka Lubumbashi, watu wanaishi ndani yake. Nilikuwa nalijua hilo kwa ramani. Sikuwa nimewahi kukaa kwenye sebule yake. Mama mdogo aliniuliza: "Kwenu Tanga munapikaka sombe namna gani?" Nikamwambia sisi tunaiita kisamvu, tunaitia nazi. Akashika kifua. Yeye anatia mawese. Na samaki mkavu. Na bilinganya, akitaka. Nazi! Alinishika mkono akaniambia nimrudishie habari, na akatufungia kilo mbili na chupa ndogo ya mawese, "kama nazi inawashinda."

Haikutushinda, ila gesi ilitushinda. Majani ya mhogo hayapikwi kwa haraka, lazima yachemke kwa muda mrefu ili ile sumu yake itoke, na meko yetu ilizimika yakiwa bado yanatoa harufu ya ubichi. Ilikuwa Jumapili jioni, duka la gesi limefungwa. Kereteka, msimamizi wa jengo, akatupa jiko lake la makaa, tukalishusha uani. Sufuria ile kubwa ilikuwa ya Nyeri, chuma kizito cha kugongwa kwa nyundo. Nilipoisifu akasema ni ya mafundi wa jua kali, ya Kamukunji, baba yake alimnunulia alipopata chuo. Akaendelea kukoroga.

Busia alikaa kwenye kibao cha mbuzi. Nilimwonyesha mara moja tu, nazi inavyozungushwa isifike kwenye kifuu, na baada ya hapo hakutaka kumpa mtu. Kwao, alisema, mhogo wanausaga na mtama upate ugali, majani hakuna anayeyaangalia. "Na nimeyapita maisha yangu yote," akasema, akiwa anakuna, unga mweupe umemjaa magotini. Nilikamua tui kwa chujio la chai kwa kuwa kifumbu mama alisahau. Jepesi kwanza, zito mwisho. Bukavu alisimama juu ya sufuria na chupa yake ya mawese kama anayelinda goli. Tukagawa: sufuria kubwa nazi, ndogo mawese. Wali wa mama kwa upande, ugali kwa upande, maana Busia hali wali akashiba.

Saa moja usiku Kongo ikaingia uwanjani. Bukavu aliweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, tukaizunguka pale uani, macho kwenye simu, pua kwenye sufuria. Madagascar ilikuwa mara yake ya kwanza kabisa kwenye fainali hizo, na kila mtu wa jengo aliyeshuka aliishangilia, mbele ya rafiki yetu, bila huruma. Madagascar wakafunga. Bakambu akarudisha. Wakafunga tena dakika ya 77, na Bukavu akaondoka akaenda kusimama kwenye ukuta wa matangi. Dakika ya 90 Mbemba akasawazisha kwa kichwa, na sijui Bukavu alifikaje kutoka ukutani mpaka kwenye simu, nilimwona tu amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, anasema maneno ambayo nusu yake sikuyajua na yote niliyaelewa.

Penalti ziliwashinda. Nne kwa mbili.

Alirudi kwenye ukuta wake. Watu wa jengo wakapanda juu mmoja mmoja, wakimgusa bega wakipita, wakimpa pole. Baridi ilikuwa imeshuka sawasawa. Nyeri alipakua, Busia akashika sahani mbili, mimi nikafunua sufuria ndogo, ile ya mawese, mvuke ukanipanda usoni na harufu ya samaki mkavu. Ilikuwa imeiva. Nilichukua sahani safi, nikaweka ugali, nikamwagia, nikamgeukia kule alikosimama gizani, kichwa chini.

"Bukavu!" nikamwita. "Kuja. Kuja ule, inapoa."

Akaja.